Msikiti wa Kizimkazi: 1107 ni mwaka wa maandishi, si wa kuta
Umeweka picha ya Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, ukaandika kuwa ni jengo la mwaka 1107, ni msikiti wa mwanzo Afrika Mashariki na upo Kizimkazi Mkunguni. Hapana, jengo lote unaloliona kwenye picha hiyo si la mwaka 1107. Kilicho cha mwaka huo ni maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe pale kwenye ukuta wa kibla, yenye tarehe ya mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 Hijria. Hesabu yake ndiyo hiyo 1107. Kuta zenyewe kwa sehemu kubwa ni za karne ya 18, msikiti ulipojengwa upya, na tarehe ya kazi hiyo nayo imeandikwa papo hapo kwenye mihrabu, pale anaposimama imamu: 1184 Hijria, yaani mnamo 1770. Ukisimama mbele ya kibla unaziona zote mbili. Kikufi utakijua tu, herufi zimesimama wima na zimesokotana, hata anayesoma msahafu kila siku atakwama.

Nimesali pale mara kadhaa. Kwa nje ni kuta nyeupe na paa la mabati, mgeni anaweza kupita asigeuze hata shingo.

Na hilo la "msikiti wa mwanzo Afrika Mashariki" lipunguze kidogo. Shanga, kisiwani Pate huko Lamu, Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misingi ya misikiti ya karne ya 8. Sema maandishi ya Kizimkazi ni miongoni mwa ya zamani zaidi pwani hii, hapo hutobishiwa.

Halafu msikiti upo Kizimkazi Dimbani, si Kizimkazi Mkunguni kama ulivyoandika.