Maswali ya Wasomaji: Asiyeamini na Kisichoaminika

SWALI: Ndugu Mhariri, kamusi yangu ya Kiingereza inaeleza "incredulous" na "incredible" kwa maneno yanayokaribiana sana. Je, naweza kutumia lolote kati ya hayo mawili kuelezea habari isiyosadikika? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, na tofauti hiyo inastahili kuzingatiwa. Mtu akikueleza kwamba ameogelea kutoka Tanga hadi Pemba, habari yake ndiyo "incredible", ilhali wewe unayemsikiliza huku umemkodolea macho ndiwe "incredulous". Kivumishi hiki cha pili humhusu anayeshindwa kuamini, pamoja na sura, sauti au kicheko kinachodhihirisha kutoamini kwake. Yote mawili yana asili moja, kitenzi cha Kilatini "credere", yaani kuamini, na silabi "in" ya mwanzo ni ya kukanusha. Ukiiondoa utabaki na "credulous", mtu anayeamini upesi kila aambiwalo, na neno hilo kwa kawaida ni la lawama.

Usilichanganye "incredulous" pia na "sceptical", kwa kuwa mwenye hali hiyo ana shaka na hungoja ushahidi, ambapo "incredulous" hubeba mshangao wa papo hapo.

Ni kweli kwamba Shakespeare, katika tamthilia ya Twelfth Night, alilitumia "incredulous" kwa maana ya jambo lisiloaminika, lakini kwa maoni yangu mwanafunzi anayeandika insha leo asimfuate, kwa sababu msahihishaji atalihesabu kuwa kosa.