Mmakonde, Mmachinga, Mdachi: majibu kuhusu majina ya watu na kwao

Maswali ya safari hii yametoka Nanyumbu, Mtwara, Lindi na Mikindani. Karibu yote yanauliza jambo moja: mtu wa mahali fulani aitweje, na jina hilo liandikweje.

Kwenye fomu ya mpangaji, mbele ya "uraia", nimeandika "Msumbiji". Mwenzangu anadai ni "Mmsumbiji", na mwingine anasema wingi wao ni "Wasumbiji". Nani kapatia? (Nanyumbu)

La kuacha kwanza ni "Wasumbiji". M ya Msumbiji si ya mtu, kama ilivyo ya Mkenya. Ni sehemu ya jina la mahali, na mahali penyewe ni kisiwa cha Msumbiji, ambako Wareno waliweka makao makuu yao mpaka 1898. Kutoka kisiwani jina likaenea nchi nzima. Ukiing'oa M hiyo ukaweka Wa, unabaki na watu wa "Sumbiji", nchi isiyokuwepo. "Mmsumbiji" na "Wamsumbiji" zimefuata kanuni, ila M mbili zikifuatwa na s hutamkika kwa taabu, na kwenye mwandiko wa mkono moja hupotea. Ndipo unapopata fomu inayosema mpangaji ni nchi. Andika "raia wa Msumbiji" na uendelee na kazi.

Kubwa zaidi ni kutochanganya maneno manne. Raia ni suala la sheria. Mzaliwa ni pale alipozaliwa mtu. Mkazi ni anapoishi sasa. Mwenyeji ni mtu wa pale, anayepajua na kujulikana. Chukua mtu aliyezaliwa Mueda, akahamia Newala, akapata uraia wa Tanzania kwa tajnisi, yaani kwa kuomba na kupewa: ni mzaliwa wa Msumbiji, mkazi wa Newala, na kwenye uraia anaandikwa Mtanzania, basi. Makosa mengi huanzia kwa karani anayesikia lafudhi kisha akajaza uraia. Lafudhi haithibitishi kitu huku kwetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo ng'ambo zote mbili za Ruvuma, na ndugu walikuwa wakivushana kwa mitumbwi muda mrefu kabla Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, halijafunguliwa mwaka 2010. Muulize, kisha tazama karatasi zake.

Kibandani kwangu nimeandika "Vinyago vya Makonde". Mteja mmoja kanicheka. Na je, wale wa ng'ambo ni Wamakonde au Wamavia? (Mtwara Mjini)

Kucheka hakukuwa na haja, lakini bango linaweza kunyooshwa. Makonde, peke yake, ni jina la uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba. Mtu ni Mmakonde, kwa M mbili, wengi ni Wamakonde. Lugha, mtindo na desturi ni Kimakonde. Kwa hiyo "vinyago vya Kimakonde" ni mtindo, hata kama aliyechonga ni Mmwera. "Vinyago vya Wamakonde" ni vile walivyochonga wao wenyewe au wanavyomiliki. Chagua kinacholingana na mzigo wako.

Wamavia, ambao wengine huwataja Wamawiha, ni jina ambalo Wamakonde wenye asili ya Msumbiji walipewa na majirani zao. Wao hujiita Wamakonde tu. Ukihitaji kutofautisha, sema "Wamakonde wa Msumbiji", hutamkwaza mtu. Na usidhani wako pande mbili tu: wapo pia Kenya, pwani ya Kwale, ambako wazee wao walikwenda kutafuta kazi za mashambani. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai watambuliwe, wakatambuliwa. Hao ni Wamakonde na ni Wakenya, kwa pamoja, wala hakuna mgongano.

Mimi ni Mmachinga wa kuzaliwa, sijawahi kuuza hata soksi barabarani. Niandikeje kabila langu watu wasinielewe vibaya? (Lindi)

Herufi kubwa ndiyo itakayokusaidia, pamoja na M mbili. Mmachinga na Wamachinga, kwa herufi kubwa, ni kabila lenye kwao Lindi na lugha yake, Kimachinga. Mmachinga kwa herufi ndogo ni mfanyabiashara mdogo wa mtaani, awe Mchaga, Msukuma au Mhaya. Jina lilipanda gari na vijana wa Kusini waliokwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mkononi, likashuka huko likiwa jina la kazi. Mjini kuna maelezo kwamba limetoka kwenye Kiingereza, "marching guy", eti kwa sababu ya mwendo wao wa gwaride. Maelezo hayo yanachekesha, lakini hayaelezi kabila limelipata wapi jina hilo hilo, wala kwa nini Malawi, kwenye nchi ya Wayao, kuna wilaya iitwayo Machinga.

Mdomoni herufi kubwa haisikiki, kwa hiyo ukizungumza ongeza neno: "kabila langu Mmachinga". Na angalia usichanganye na Mchinga, ambayo ni sehemu ya Lindi. Wa huko ni "mtu wa Mchinga", awe Mmachinga au Mmwera.

Wanafunzi wangu wanaandika "Warabu", "Wengereza" na "Mruguay". Nawasahihisha lakini sina maelezo. (Lindi, mwalimu)

Mbele ya konsonanti, weka M: Mzambia, Mmalawi. Mbele ya irabu, weka Mw: Mwarabu, Mwingereza, Mwomani. Wingi ni Wa, na irabu ya jina haimezwi: Waarabu, Waajemi, Waingereza. Watoto wanaandika "Wengereza" kwa sababu wamezoea wezi na wengi, ambamo a na i zimeungana kuwa e. Kwenye majina ya mataifa hatuunganishi.

"Mruguay" ni kosa la mtoto mwenye akili. Ameona Ureno ikizaa Mreno na Uturuki ikizaa Mturuki, akakata U ya Uruguay pia. Lakini U hiyo, kama ya Ukraine, ni ya jina lenyewe. Hapo "raia wa" hukuokoa, kama inavyokuokoa kwenye majina marefu ya aina ya Afrika Kusini.

Babu alikuwa akisema "Wadachi" walichimba mifupa ya mijusi Tendaguru. Wadachi si ndio Waholanzi? (Lindi Vijijini)

Babu alikuwa sahihi. Mdachi ni jina la zamani la Mjerumani, na nchi yao iliitwa Udachi. Waliochimba mabaki ya dinosaria Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, walikuwa Wajerumani, na mifupa ile iko Berlin mpaka leo. Wa Uholanzi ni Mholanzi. Ukisoma barua au simulizi za kale, kila Mdachi msome Mjerumani kwanza, kisha tazama kama habari inakubali.

Mabaharia wa Komoro wote ni Wangazija? (Mikindani)

Midomoni mwetu ndiyo, ila wenyewe watakurekebisha. Ngazija ni kisiwa kimoja, kile kikubwa chenye Moroni. Wa Nzwani ni Mnzwani. Wa Mwali mwite "mtu wa Mwali", na uandike kwa herufi kubwa, maana huku Kusini mwali ni binti aliye unyagoni na sentensi inaweza kukugeukia. Visiwa hivyo vitatu ndivyo nchi ya Komoro, na kwa jina la jumla raia wake ni Mkomoro. Cha nne, Maore, kiko chini ya Ufaransa, kwa hiyo mwenyeji wa huko ana pasipoti ya Kifaransa.

Mganda na Mkongo? (Mtwara)

Mganda ni raia wa Uganda, na pia ni mtu wa kabila la Waganda. Kwa Mwacholi, mtu wa kabila jingine la Uganda, maana ya kwanza ni sawa, ya pili si yake, hivyo andika "raia wa Uganda". Kwa Kongo tumezoea Mkongomani, lakini nchi ni mbili: taja Kinshasa au Brazzaville.

Na mtu wa Mtwara je?

"Mmtwara" halisemwi. Magazeti hupenda "wana Mtwara", mtaani ni "mtu wa Mtwara". Na Mlindi liache: msikilizaji atadhani unamtaja mlinzi wa geti.