Filme ndizo zinaharibu vijana?

SWALI: Jambo mama. Niko na mtoto mwanaume wa miaka 16, tunaishi Katuba. Kila jioni ni filme za vijana kwenye telefone, sasa amepaka nywele rangi, jeans imepasuka magoti, nikimuita anasema nakuya na hakuyi. Sisi zamani hatukuwa hivi. Nimunyanganye telefone ao? (Papa wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Jambo sana papa. Telefone umuachie kwanza. Hiyo ya "sisi zamani" naikataa, juu miaka ya 1950 kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, vijana waliangalia filme za makoboyi wa Marekani wakaanza kuvaa jeans na foulard shingoni, wakajiita Bills kwa sababu ya Buffalo Bill, wakatunga mpaka lugha yao, Hindoubill, wakubwa hawasikii kitu. Na wale leo ni mababu.

Alafu uangalie nani anatengeneza hizi filme: ni watu wazima. Filme ya Marekani Rebel Without a Cause ya 1955, mchezaji wake mkubwa James Dean alikuwa na miaka 24 na anacheza mtoto wa sekondari! Watu wanakumbuka koti yake nyekundu na mashindano ya magari, mimi namkumbuka baba. Kijana ameitwa kwenye yale mashindano ya hatari, akikataa watamuita muoga, anamuuliza baba afanye nini, na baba na aproni yake ya jikoni anajibu tusiharakishe, tukamate karatasi tuandike mazuri na mabaya. Mtoto anatoka mbio. Kule kwenye magari mwenzake mmoja mkono wa koti unakwama kwenye mlango, gari inaanguka naye. Ile filme inawasema wazazi kuliko watoto, kwa maoni yangu.

Na si zote zinafanana. Sarafina! ya 1992 inaonyesha wanafunzi wa Soweto, Afrika ya Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, wenzao walitoka barabarani tarehe 16 Juni 1976 kukataa kusomeshwa kwa Afrikaans, lugha ya Makaburu. Pale nani atasema watoto wameharibika?

Kwa hiyo papa, kaa naye muangalie moja pamoja, usikatize katikati, mwishoni umuulize yule mzazi wa kwenye filme anamuonaje, na umuache aseme mpaka amalize hata kama inakuuma. Nywele zitaota zingine. Lakini akianza kuacha masomo ao kulala inje bila kusema alikuwa wapi, hapo usingoje, ita na wajomba zake muongee naye siku hiyo hiyo.