Fizi Zinazotoka Damu na Hofu ya Moyo

SWALI: Nina umri wa miaka 52 na ninatumia dawa za shinikizo la damu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja fizi zangu zimekuwa zikitoka damu ninapopiga mswaki, ingawa sisikii maumivu. Ndugu yangu anasema ugonjwa wa fizi huishia moyoni. Je, ni kweli? Nikizitibu, moyo utakuwa salama?

JIBU: Ndugu yako hajakosea, ila amekwenda mbele ya ushahidi. Ni kweli kwamba wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hupatwa zaidi na shambulio la moyo na kiharusi, hata baada ya kuzingatiwa uvutaji wa sigara na kisukari, ambavyo huharibu fizi na mishipa ya damu kwa pamoja. Hata hivyo, Chama cha Moyo cha Marekani kilipoupitia ushahidi huo mwaka 2012, kilieleza kwamba uhusiano upo, lakini haijathibitika kuwa fizi ndizo chanzo, wala kwamba kuzitibu huzuia ugonjwa wa moyo.

Dhana yenyewe ina mashiko. Ukoga ukiganda chini ya ufizi, bakteria huzaliana humo na kuingia katika damu hata wakati wa kutafuna, na chembe za urithi za bakteria hao zimewahi kukutwa ndani ya mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa. Aidha, uvimbe wa muda mrefu kinywani huamsha kinga ya mwili mzima, jambo linaloweza kuidhuru mishipa taratibu.

Wapo ambao kwao hatari haina mjadala: waliowekewa vali bandia za moyo (milango inayoongoza mtiririko wa damu), au waliowahi kupata maambukizi ya utando wa ndani wa moyo. Hao humeza antibiotiki kabla ya kung'olewa jino au kusafishwa chini ya ufizi.

Kwako wewe, kutosikia maumivu kusikupumbaze, kwa kuwa ugonjwa huu hula mfupa unaoshikilia meno kimyakimya. Mwone daktari wa meno akuondolee ukoga mgumu ambao mswaki hauuwezi, na umtajie dawa zako zote, maana baadhi ya dawa za shinikizo, kama nifedipini na amlodipini, huweza kuzivimbisha fizi. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari aliyekuandikia ndiye wa kuzibadilisha ikibidi.