Usirudi kwa mkeo na jibu la wiki ya tatu

Ndugu wa Tabora, usipande basi. Umesema zimepita siku 21 tangu ulale na yule dada bila kinga, umepima VVU ukaona mstari mmoja, homa nayo imekwisha. Sasa unauliza kama mwili umeshavishinda virusi, ule nini CD4 (seli za kinga ya mwili) zipande, na kama urudi kwa mkeo anayenyonyesha. Mimi nilirudi.

Nilikuwa kwenye uvuvi wa dagaa, Kibirizi, Kigoma. Wiki ya tatu homa ikanishika, koo likawaka, vipele vikatoka kifuani, mitoki ikavimba shingoni na makwapani. Malaria haikuonekana. Muuza duka la dawa akanichoma kidole, akakilaza kipimo juu ya kaunta, tukakitazama wote wawili. Mstari mmoja. "Nenda kaka, uko safi. Kwa homa hii, ungekuwa nao ungeonekana." Hakuniuliza ni lini nililala na mtu. Swali moja tu! Mpaka leo nikipita pale moyo unanichemka. Unachomaje mtu kidole bila kumuuliza tarehe?

Siku chache baadaye homa ikashuka, nikaamini. Mbalamwezi ikaingia, hakuna kuvua, nikaenda nyumbani Ujiji kwa mke wangu. Mtoto alikuwa na miezi 5.

Mnasihi wa kliniki ndiye aliyekuja kunifafanulia. Kile kipimo hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza mpaka zionekane. Wakati huo virusi vinazaana bila kizuizi. Kwenye wiki ya tatu hivi hufika kilele, pengine mamilioni katika mililita moja ya damu, na vinateketeza seli za CD4, hasa zile za kwenye utumbo. Ndipo seli za CD8 zinapoamka na kuua seli zilizokwisha kuvamiwa. Virusi vinapungua, homa inatulia, hata CD4 za kwenye damu zinapanda kidogo. Lakini havijaisha. Vingine vimejificha ndani ya CD4 zilizolala, vingine vimejibadilisha ili CD8 zisivitambue. Kwa hiyo nafuu yako haithibitishi kitu. Kama unavyo, hizi ndizo wiki unazoambukiza kuliko wakati mwingine wowote, na mama akiambukizwa akiwa ananyonyesha, maziwa yake nayo yanajaa virusi.

Mke wangu alipata homa ileile, na mitoki ileile. Nilimkanda shingo kwa maji ya moto nikimwambia ni mafua. Miezi 3 ilipotimia tukapima pamoja, kila mmoja mistari miwili. Mtoto akachomwa kisigino, vitone vya damu vikadondoshewa kwenye karatasi, na kusubiri lile jibu ndiko kulikonizeesha. Alitoka salama, akapewa dawa ya kumkinga, akaendelea kupimwa mpaka alipoacha kunyonya.

Zile dawa za kuzuia maambukizi zinaanzwa ndani ya saa 72, wewe zimekupita. Basi nenda kituo cha afya, taja tarehe mwenyewe hata wasipokuuliza. Rudia kipimo wiki ya 6, rudia tena miezi 3 ikitimia. Mpaka hapo usimguse mkeo bila kondomu. Ukiona mistari miwili, anza dawa siku hiyohiyo, virusi visipate muda wa kujificha zaidi.

Na mkeo mpigie leo umweleze, kabla hajakuuliza mbona huji.