Maswali ya Wasomaji: Malengo ya kazi, alama za tathmini na mtumishi asiyebadilika

Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai, na barua tulizopokea karibu zote zinahusu tathmini ya utendaji. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa mtumishi kwa fomu, ilianza mwaka 2004 kuchukua nafasi ya ile taarifa ya siri ambayo mtumishi hakuiona. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kazi hiyo inafanyika ndani ya PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambamo mtumishi huingiza kazi zake na msimamizi huziidhinisha. Mfumo umehamia kwenye kompyuta, ila manung'uniko ni yale yale.

Nimepewa lengo la "kuongeza uzalishaji wa maziwa katika kata kwa asilimia 20". Mvua imekuwa haba, dawa ya josho haikuja, na ng'ombe wenyewe si wangu. Nitapimwaje? (Afisa mifugo wa kata, Dodoma)

Hilo ni lengo la halmashauri, na lilipaswa kubaki kwenye mpango mkakati. Likishuka hadi kwa mtu mmoja bila kugeuzwa, linakuwa bahati nasibu: mvua ikinyesha unasifiwa, isiponyesha unalaumiwa, na katika hali zote mbili kazi yako haijapimwa.

Jiulize hivi: nikitimiza wajibu wangu wote barabara, lengo linaweza bado kushindikana kwa sababu ya mtu mwingine au hali ya hewa? Kama ndiyo, shuka ngazi moja hadi ufike kwenye kazi ambayo ikishindikana, aliyeshindwa ni wewe. Tuseme kata yako ina majosho mawili. Andika: kusimamia uogeshaji mara moja kwa wiki katika kila josho, kuanzia Agosti hadi Juni. Kisha: kufundisha wafugaji 60 ukamuaji safi na uhifadhi wa malisho, katika vikundi vitatu vya watu 20, kila kikundi vipindi vinne. Kama unafanya uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mirija ya mbegu), weka idadi ya ng'ombe na uongeze sharti la kurudi kupima mimba kati ya siku ya 60 na ya 90, maana bila sharti hilo utahesabiwa mirija uliyotumia na hakuna atakayejua ng'ombe wangapi walishika. Ushahidi wa yote haya tayari unao: rejesta ya josho, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, kadi za uhimilishaji. Malengo manne hadi sita yanatosha kwa mtu mmoja. Tumeona fomu zenye kumi na nane, na hakuna aliyeyakumbuka ilipofika Oktoba.

Sasa rasilimali. Fomu ya OPRAS ilikuwa na safu yake kwa ajili hiyo, pembeni ya malengo, shabaha na vigezo, na watu wengi waliandika humo neno moja tu: "bajeti". Neno hilo halikulindi. Andika kitu, kiasi na tarehe: dawa ya kuogeshea ya kutosha majosho mawili, ifike kabla ya tarehe 31 Julai, pikipiki moja, mafuta lita 40 kwa mwezi. Ikifika tarehe 1 Agosti na dawa haipo, andika dokezo kwa msimamizi wako wiki hiyo hiyo, ueleze lengo lipi litaathirika, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mapitio ya nusu mwaka, Desemba, ndipo lengo linaporekebishwa kwa makubaliano. Sababu ile ile ukiitoa Juni kwa mara ya kwanza itasikika kama kisingizio, hata kama ni ya kweli.

Mimi ni mtunza kumbukumbu. Naambiwa kazi ya masijala haina kipimo, kwa hiyo kila mwaka napewa alama ya kati. Ni sawa? (Msomaji wa Morogoro)

Si sawa. Masijala ni kati ya sehemu rahisi kupimwa katika ofisi nzima kwa sababu kila kitu kina tarehe. Pendekeza vipimo vitatu: kila barua inayoingia iandikwe kwenye rejesta, ipewe namba ya folio (namba ya ukurasa ndani ya faili) na kuwekwa kwenye faili siku ile ile, faili likiombwa lipatikane ndani ya dakika 10, na kila faili lililotoka lijulikane liko meza ya nani.

Kuhakiki hakuhitaji kamati. Kila Ijumaa msimamizi achague barua 10 kutoka rejesta ya wiki iliyopita, bila kukupa taarifa kabla, kisha azifuate hadi kwenye faili. Zikikutwa 9 mahali pake, wiki imepita. Zikikutwa 6, atazame zile nne zimekwama wapi. Mara nyingi zitakutwa kwenye trei ya bosi mwenyewe au kwenye "faili la muda" ambalo halikuwahi kuunganishwa na faili kuu. Matokeo yaandikwe kwenye daftari moja, sahihi za wote wawili. Hadi Juni mtakuwa na mistari zaidi ya 40, na alama ya kati haitakuwa tena jibu la uvivu.

Tahadhari moja: msipime wingi peke yake. Ofisi ya ardhi ikipima idadi ya hati tu, zitatoka nyingi zenye majina yaliyokosewa na viwanja vilivyopishana na ramani. Pima idadi pamoja na zilizorudishwa kwa makosa. Kila kipimo cha haraka kiwe na mwenzake wa usahihi.

Nina watumishi 14 kituoni. Wengi hujaza PEPMIS wiki ya mwisho ya Juni, nami nakesha nikiidhinisha. Mtandao wenyewe ni wa kubahatisha. Nifanyeje? (Mganga mfawidhi, mkoa wa Kigoma)

Anza na ngazi za usimamizi. Je, mfumo unaonyesha wewe ndiye msimamizi wa wote 14? Muuguzi mfawidhi anapaswa kuwasimamia wauguzi, na wewe ubaki na yeye, mtu wa maabara, wa dawa na waganga. Kama mfumo hauonyeshi hivyo, mwombe afisa utumishi wa halmashauri arekebishe. Msimamizi ambaye hashindi na mtu kazini hawezi kumpima. Atakisia tu.

La pili ni maneno yanayojazwa. "Kuhudumia wagonjwa, 1 Julai hadi 30 Juni" haliidhinishiki kwa haki, kwa kuwa halina mwisho wala kiasi. Kazi iwe na mipaka: "kuendesha kliniki ya wajawazito Jumatatu na Alhamisi, na kujaza rejesta siku hiyo hiyo", robo kwa robo. Hapo unaweza kufungua rejesta na kuona.

Kuhusu mtandao: kila mtumishi awe na daftari dogo anamoandika kazi ya siku kwa mstari mmoja, kisha apange siku moja kwa wiki ya kuingiza kwenye mfumo akiwa penye mtandao. Mazungumzo ya dakika 10 na kila mtu kwa wiki yanatosha. Ukishagawana na muuguzi mfawidhi, hayazidi saa moja na robo kwa kila mmoja wenu. Maswali yawe matatu: kipi kimekamilika, kipi kimekwama, nani anaweza kukikwamua.

Na kuna jambo watu wanalifanya bila kuliona baya: kumpa kijana wa stesheneri nywila ili awajazie. Matokeo yake kazi za nesi na za mlinzi zinafanana neno kwa neno, na afisa yeyote makini atagundua kwa kusoma kurasa mbili. Zaidi ya hapo, akaunti ile ile ndiyo unayoombea likizo na uhamisho. Asiyejua kujaza akae na mwenzake anayejua mara mbili tatu, lakini aandike kwa mkono wake.

Nina mtumishi mzembe kwa miaka mitatu sasa. Nilikuwa nampa alama nzuri ili kuepuka ugomvi. Sasa mkurugenzi anataka aondolewe. Tuanzie wapi? (Mkuu wa idara, Kanda ya Ziwa)

Kwenye jalada lake. Kwa kipimo cha OPRAS, 1 ilikuwa ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Kama umempa 2 miaka yote, karatasi zenye sahihi yako ndizo zitakuwa utetezi wake wa kwanza, na atakuwa na haki. Hamuwezi kuruka kutoka 2 hadi kufukuza. Itabidi muanze upya, na hiyo ndiyo gharama ya amani uliyoinunua.

Tenganisha kwanza mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Utovu wa nidhamu una njia yake: utoro wa zaidi ya siku 5 bila ruhusa, kwa mfano, ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na taratibu zake ni za mashtaka ya maandishi, nafasi ya kujitetea na uchunguzi. Utendaji duni ni kitu kingine: mtu yupo mezani kila siku, ila kazi haitoki au inatoka mbovu. Kumfungulia mashtaka ya nidhamu mtu asiyejua kazi ndiko kunakofanya mashauri mengi yaanguke.

Kisha tafuta chanzo. Hajui, hana vifaa, hawezi, au hataki? Njia ya haraka ni kuuliza kama aliwahi kuifanya kazi hiyo vizuri. Kama aliwahi, mafunzo si dawa. Tazama kilichobadilika: ugonjwa, pombe, ugomvi na mwenzake, kuhamishiwa kitengo asichokitaka, au kompyuta iliyokufa tangu mwaka juzi. Kama hakuwahi, hata barua kumi za onyo hazitamfundisha.

Baada ya hapo, mpango wa maandishi wa miezi mitatu. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinatoa mwongozo mzuri wa mambo yatakayoulizwa baadaye: kiwango kilikuwepo? Kilikuwa cha haki? Mtumishi alikijua? Alipewa msaada na muda wa kutosha kujirekebisha? Kwa hiyo andika kazi mbili au tatu tu, kiwango cha kila moja, msaada utakaotolewa na nani, na tarehe za kukutana, kila wiki mbili. Hapo ni vikao sita. Kila kikao kiwe na nusu ukurasa: tulichokubaliana, kilichofanyika, sahihi. Akikataa kusaini, usibishane. Andika kwamba amekataa, na shahidi aliyekuwepo asaini.

Kwa uzoefu wa kazi hii, wengi hubadilika kabla ya kikao cha nne, kwa sababu ni mara yao ya kwanza kuambiwa waziwazi wanachotakiwa kufanya. Asiyebadilika, peleka jalada kwa mamlaka yake ya nidhamu kupitia afisa utumishi. Kwa mwalimu, njia inapita Tume ya Utumishi wa Walimu. Msimwandikie barua ya kumwondoa kwa shinikizo la kikao cha madiwani. Ana siku 45 za kukata rufaa, na rufaa nyingi hushinda kwa sababu ya hatua iliyorukwa tu. Na kama ni mwajiriwa mpya, msingoje: muda wa majaribio wa miezi 12 uliwekwa kwa ajili hii, lakini wakuu wa idara huidhinisha kuthibitishwa bila kufungua jalada.

Msimamizi wangu alihama Februari. Aliyekuja amenipa alama ya chini akisema hanifahamu. (Mtumishi wa wakala wa serikali, Tanga)

Kutokufahamu si sababu ya alama ya chini. Peleka makubaliano ya Julai, mapitio ya Desemba na ushahidi wa kazi, kisha omba kikao. Fomu ya OPRAS ilikuwa na alama ya mtumishi, ya msimamizi na ile waliyokubaliana. Hiyo ya tatu haikuandikwa na mtu mmoja akiwa peke yake. Mkishindwa kuelewana, omba awepo mtu wa tatu kama mwangalizi, na andika maoni yako kwenye nafasi ya mtumishi kwa lugha ya staha: lengo, kilichofanyika, ushahidi uko wapi. Nanyi wengine ambao msimamizi wenu ameshapata barua ya uhamisho, mwombeni apitie kazi yenu na kusaini kabla hajafunga mizigo.

Mikataba ya utendaji ya Kenya ni kitu kile kile na PEPMIS? (Msomaji wa Nakuru)

Hapana. Mikataba ile, iliyoanza mwaka 2004 na mashirika 16 ya umma, huipima taasisi: wizara, shirika, kaunti. Mtumishi mmoja mmoja hupimwa kwa fomu yake ya tathmini. Tanzania nayo ina PIPMIS kwa taasisi na PEPMIS kwa mtu. Kasoro ya kuangalia ni ile ile pande zote mbili: shirika kupata "vizuri sana" na wafanyakazi wote kupata wastani, au kinyume chake. Mojawapo ni uongo.

Ofisini kwetu mfanyakazi hodari wa Mei Mosi huchaguliwa kwa zamu, idara baada ya idara. Kuna ubaya? (Msomaji wa Iringa)

Ubaya upo, na kila mtu anaujua: anayesubiri zamu hana haja ya kujitahidi, na aliyejitahidi nje ya zamu anajifunza kunyamaza. Kura za wazi nazo huchagua mtu mwenye marafiki wengi. Chukueni alama za nusu mwaka, toeni majina matatu ya juu kwa kila idara, mkuu wa idara aandike sentensi mbili juu ya kila jina akitaja kazi iliyofanyika, ndipo watumishi wapige kura ya siri kati ya hao. Orodha ibandikwe ubaoni wiki moja kabla, ili mwenye pingamizi aseme mapema.