Re: Mashimo yanahama nikizungusha meza

Kaka, umeuliza kwa nini mashimo ya bodi ya pampu yanahama ukizungusha meza ya mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) hadi B90, yaani digrii 90, wakati G54 (kodi ya sifuri ya kipande) uliipima vizuri. G54 haina kosa. Yenyewe ni umbali tu toka sifuri ya mashine hadi sifuri ya kipande. Meza ikizunguka, kipande kinaondoka, sifuri ya G54 inabaki palepale.

Tafuta kwanza kitovu cha mzunguko wa meza. Kwenye atelye yetu hapa Lubumbashi tunagusa uso mmoja kwa B0, tunaandika X ya mashine, tunazungusha B180, tunagusa uso uleule kutoka upande wa pili, tunaandika X tena. Katikati ya namba hizo mbili ndipo kitovu. Kikikosewa 0.05 mm tu, B180 inakuhamisha 0.1!

Kama kontrola (kompyuta ya mashine) ni Fanuc na ina G68.2 (kodi ya kugeuza mihimili ifuate uso uliogeuzwa), itumie, halafu G53.1 (inayoelekeza kifaa cha kukata kwenye uso huo). Jaribu hewani kwanza, bila kugusa kipande, tafadhali.